Ndege ya Jumamosi

Jumapili, 15 Mei

Tumefika. Hoteli ni kubwa kuliko mtaa nilikozaliwa. Sakafu ya marumaru, chemchemi ya bandia, na kijana aliyenifunga utepe wa plastiki mkononi kabla sijamaliza kumwamkia. Rangi ya chungwa – maana yake nile na kunywa nipendavyo. Nikamwambia Muriel kwamba majirani zetu Waislamu nao walikuwa wakimfunga utepe kondoo wa Idi. Hakucheka. Binti yangu hacheki akiwa ameshika pasipoti za watu.

Chumba kinatazama bahari. Ufuo wa Sidi Mahrez. Zamani hapa hapakuwa na mtu wa kuja kustarehe. Wanawake walikuja kufua sufu kwa maji ya chumvi, basi. Leo Wajerumani wamelala pale pale, weupe, wamegeukia jua kama sufu iliyoanikwa.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya. Likizo hii amenilipia Muriel kwa sababu mwezi ujao anataka nihamie nyumba ya wazee karibu naye, huko Lyon. Chumba ameshakishika. Kina dirisha la bustani, na kamba ya kengele kando ya kitanda. Mwezi wa pili nilianguka jikoni kwangu, Marseille, nikalala sakafuni mpaka jirani aliposikia. Tangu siku hiyo Muriel hana usingizi. Namwelewa. Nilimwambia nitafikiri, yeye akasikia ndiyo. Ndege ya kurudi ni Jumamosi asubuhi. Ninazo siku za kufikiri, na akili yangu bado haijaanguka popote.

Niliondoka kisiwa hiki cha Djerba nikiwa na miaka kumi na tisa, kiangazi kile cha vita, Wayahudi wengi walipohama. Baba alifunga mlango akasema tunakwenda kutembea kidogo. Tumetembea mpaka leo.

Chakula cha jioni: meza ndefu, vyakula vya nchi kumi, ladha moja.

Jumatatu, 16 Mei

Ngome kwanza – ratiba iko kwenye simu ya Muriel na haibishiwi. Mwelekezaji akatusimulia Wahispania waliouawa pale, na mnara uliojengwa kwa mafuvu yao. Bwana mmoja wa kundi letu akauliza mnara uko wapi apige picha. Ulivunjwa, akajibiwa, karne ya kumi na tisa. Yule bwana alisikitika kweli, kama mtu aliyekosa basi.

Kisha Hara Kubwa, mtaa wetu wa Wayahudi. Nilimwambia dereva, Nizar, atushushe mwanzoni, nitembee mwenyewe. "Polepole, Hajati," akaniambia. Kila bibi wa kisiwani kwake ni Hajati, Makka awe ameiona au hajaiona. Nikampa mkono aniteremshe. Sikumsahihisha.

Kuta nyeupe, milango ya buluu. Watoto wanatoka darasani wanapiga kelele kwa Kiarabu chetu kile kile, nilichodhani kimebaki kinywani mwangu tu. Nyumba yetu ina watu wengine, wamepachika mtambo wa hewa baridi pale palipokuwa na dirisha la bibi. Sikugonga. Nilikuja kumwona Meiha.

Meiha tulikua ua mmoja. Kwa simu tumezeeka pamoja, lakini simu haionyeshi miguu. Alikuwa ameketi kizingitini anachambua dengu. Aliniangalia kuanzia chini.

"Viatu gani hivi, Zmorda? Vya mzee."

"Mimi ni mzee."

"Mzee ni mimi. Wewe umechakazwa na baridi tu. Ingia."

Ndipo akalia, tena akiwa amenigeuzia mgongo, anatafuta sukari isiyopotea.

Muriel alikaa ukingoni mwa kiti. Kiarabu chetu anakijua cha chakula na cha matusi, vingine namfasiria. Meiha akamhoji kuhusu Lyon. Wazee wangapi? Wanaongea nini? Nani anapika?

"Kampuni," Muriel akasema.

"Kampuni," Meiha akarudia, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Khlifa, kaka yake, akaingia na sinia la mikate kutoka tanuri. Mfua fedha, wa ukoo wa Makuhani, duka lake liko mjini Houmt Souk, karibu na soko. Mkewe Kamouna alifariki mwaka juzi. Bado amevaa suruali pana ya kizamani yenye ukanda mweusi chini, ya kuomboleza Hekalu letu lililobomolewa, ambayo hata wanawe hawavai. Hakunipa mkono – watu wa dini hawampi mwanamke mkono. Aliweka sinia chini.

"Zmorda binti Ghzala. Bado unasoma huku unatembea?"

"Bado. Ndiyo maana nilianguka."

"Basi ulianguka ukiwa na sababu," akasema, akaenda kunawa.

Garini Muriel akaniuliza yule mzee ni nani. Nikasema: jirani. Akaniangalia mara mbili.

Jumanne, 17 Mei

Asubuhi ufuoni. Muziki, kijana wa hoteli anahesabu kwa lugha nne, akina mama ndani ya bwawa wanarusha mikono. Muriel yumo. Ana miaka hamsini na mgongo mzuri. Laiti angekuwa na muda wa kuwa nao.

Saa kumi nikaitwa mapokezi. Khlifa! Ameketi kwenye kochi la ngozi, kofia kichwani, miguu imenyooka pamoja kama yuko kwa daktari. Amekuja na pikipiki ya mjukuu wake, amepakiwa nyuma. Mhudumu akamletea maji ya machungwa; akayashukuru, hakuyagusa. Akatoa lozi mfukoni, zimefungwa kwenye leso, akaziweka mezani katikati yetu.

"Nimekuja kuona hoteli," akasema.

"Umeionaje?"

"Ina viti vingi."

Tukala lozi. Akaniuliza nilifundisha nini Marseille. Historia, nikamwambia, miaka yote ile, watoto wa mabaharia na wa wauza mboga. Akauliza kama niliwafundisha habari zetu. Nikasema haikuwamo katika mtaala, lakini siku ya mwisho kabla ya likizo mtaala hautazamwi. Akacheka kwa pua. Alicheka hivyo hivyo tangu utotoni. Tulikuwa tukimwita mbuzi.

Alipoondoka akaacha lozi zilizobaki. Leso pia.

Muriel alitokea bwawani na taulo kichwani. Nimpe nani hizo? akauliza. Usimpe mtu, nikasema, ni zangu.

Jumatano, 18 Mei

Leo Ghriba, sinagogi letu la kale. Ni siku za hija. Mabasi kutoka uwanja wa ndege, askari kila kona, mashine ya kukagua mikoba. Watu wanalalamika. Mimi sikulalamika, najua kwa nini wapo: bomu liliwahi kulipuka hapa.

Ndani nilivua viatu kama kila mtu na kukanyaga ile mikeka. Vigae vya buluu, moshi wa mishumaa, wanawake wa Paris na wa Hara wanasukumana kwa adabu. Muriel alibaki ukumbi wa nje na simu yake, kazi ya Lyon imemfuata.

Mbele kabisa, chini ya sanduku la vitabu vitakatifu, kuna shimo, pango dogo. Humo wanawake huweka mayai mabichi, kila yai limeandikwa jina la msichana anayetafutiwa mume. Joto la mishumaa huyapika polepole. Msichana akila yai lake, mwaka hauishi hajaolewa – ndivyo tunavyosema. Mimi niliwekewa langu nikiwa na miaka kumi na saba. Niliolewa Marseille, kwa hiyo sijui kama lile yai lilifanya kazi au lilikosea njia.

Meiha akapiga magoti, akalala kifudifudi, mkono wote shimoni mpaka begani. Nikamwambia ainuke, atavunjika kiuno, ni yai la mjukuu gani huyo asiyeweza kungoja. Akatoka na yai moja, akalipangusa kwenye gauni.

"Lako limeiva."

Nikavaa miwani. Herufi zetu za Kiebrania, wino wa kalamu ya duka: Zmorda binti Ghzala.

"Nani amekuruhusu?"

"Niombe ruhusa kwa nani? Kwa kuku?"

"Meiha. Nina miaka sabini na nne."

"Na kaka yangu ana sabini na sita, sasa unataka yeye awekewe yai? Yeye hajui kusema. Anajua kufua fedha na kusoma Zaburi. Tangu Kamouna atangulie anakula supu ile ile, usiku akiamka anamwambia mtu 'funika mabega', na mtu hayupo. Nilipopata simu yako kwamba unakuja, siku ile ile nikaja hapa."

"Yeye amekwambia nini?"

"Ameniambia nisije. Lakini hakurudia kuniambia mara ya pili."

Kesho ndio mwisho wa siku za huzuni ambazo ndoa hazifungwi. Baada ya hapo milango iko wazi. Alinikumbusha hilo kana kwamba nimetoka mwezini. Kisha akanieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi: chumba cha mashariki kina jua la asubuhi, kisima kina maji ya mvua ya mwaka huu, wajukuu wa Khlifa wanaingia na kutoka mchana kutwa, na yeye mwenyewe Meiha yuko ng'ambo ya ua.

Nilifunga yai kwenye leso ya lozi. Niseme nilivyosikia? Si moyo kwenda mbio. Moyo wangu una dawa zake. Nilisikia kama darasani, pale swali zuri linapotoka kiti cha nyuma, nami sikuwa nimelitarajia, na kengele bado haijalia. Nilifurahi.

Kwa hiyo sasa ni mambo mawili, na siwezi kujifanya siyaoni. Jumamosi nipande ndege, kisha Lyon. Au nisipande.

Alhamisi, 19 Mei

Siku ndefu. Niende kwa utaratibu.

Niliamua kulila yai mchana kweupe, kama mtu mwenye akili zake, au kutolila kabisa. Kwa hiyo nilishuka nalo kifungua kinywa, nikaliweka kwenye sahani yangu, nikaenda kutafuta chumvi. Foleni ya Wapoland kwenye chumvi. Niliporudi Muriel alikuwa anatafuna kipande cha mwisho, maganda kayapanga pembeni.

"Limepikwa mno," akasema. "Na wameliandika tarehe kote kote."

Nikakaa. Nikamweleza lile yai lilikuwa nini. Kwanza akashika shavu, kama jino limemuuma.

"Mimi? Mama, sitaki mume. Nina mkutano Jumatatu."

"Halikuwa lako."

Binti yangu ni mhasibu. Akishapata kipande kimoja, vingine anavipanga mwenyewe. Leso, lozi, yule mzee kwenye kochi.

"Jirani," akasema.

"Jirani."

"Ungeniambia lini? Uwanja wa ndege?"

Nikamjibu kwamba sijaamua, na kwamba nikishaamua atakuwa wa kwanza kujua. Akasema chumba cha Lyon hakingojei. Nikasema hata mimi. Watu wa meza ya pili walianza kututazama, nikawatakia asubuhi njema kwa Kijerumani.

Mchana tulikuwa tumealikwa kwa Meiha. Nilidhani Muriel hatakuja. Alikuja, amevaa vizuri, amekaza midomo. Wali wa mvuke na samaki, mboga nyeusi ya mchicha iliyokaangwa tangu jana. Meiha aliposikia habari za yai alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi Muriel naye ataolewa. Tutaanza na mama, tufuate na binti, kwa mpishi mmoja."

Khlifa hakucheka. Alikuwa anatazama sahani yake, masikio mekundu. Kwa mara ya kwanza jambo lilikuwa limetajwa mbele yake, na hakulikana.

Ndipo Muriel akaweka uma chini. Akasema kwa Kifaransa, polepole, na Kifaransa wote wanakielewa:

"Samahani. Haiwezekani. Bwana Khlifa ni Kuhani. Na mama yangu si mjane. Yeye na baba waliachana mahakamani nilipokuwa na miaka ishirini. Baba alikufa baadaye."

Nilisikia bomba la jirani likitiririka. Mzao wa Haruni haoi mwanamke aliyeachwa. Mjane, ruhusa. Aliyeachwa, hapana – hata wapendane vipi, hata wawe na miaka mia. Kila mtoto wa Hara anajua. Sikuficha, Meiha nilimwambia kwa simu zamani zile kwamba mimi na Armand tumetengana, naye alielewa tumegawana vyumba kama wanavyofanya hapa watu waliochokana. Kisha nikamwambia Armand amefariki, akanililia mjane.

Khlifa akafunika mkate wake kwa kitambaa. Akasoma shukrani ya chakula mpaka mwisho, hakuruka neno. Akachukua kofia akatoka.

Meiha akamwambia Muriel, bila ukali: "Mwanangu, hata mwiba wa samaki hukwama taratibu kuliko hivyo."

Muriel akaenda uani. Nilimfuata. Alikuwa amesimama kando ya kisima, anajikuna utepe wa mkononi.

"Sikutaka kukuaibisha."

"Hukuniaibisha. Ulisema kweli."

"Nilitafuta leo asubuhi kwenye simu, tulipotoka mezani. Kuhani na mjane, Kuhani na mtalaka. Nilitaka kitu kimoja cha kukurudisha, nikakipata, na nimefurahi nacho mpaka mlangoni."

Sikumkumbatia, angevunjika. Nilimshika kiwiko. Tukakaa hivyo. Ndani Meiha alikuwa anaosha vyombo ambavyo watu hawajamaliza kulia.

Nilikwishaanza kutafuta viatu vyangu Khlifa aliporudi. Pamoja naye Rabi Shushan, kijana wa ndevu nyekundu, bado ana wino vidoleni, amekatizwa darasa. Hakuketi. Akaniuliza kwa heshima, "Bibi Zmorda, nikuulize?" Nikamwambia aulize.

"Mlifungishwa ndoa na rabi?"

"Marseille, sinagogi kubwa. Mashahidi wawili, glasi ikavunjwa."

"Kisha mahakama ya Wafaransa."

"Kisha mahakama."

"Na talaka yetu? Mume alisimama mbele ya mashahidi akakuwekea hati mkononi?"

Nilifikiri. Si kwamba nilisahau. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza. Armand alikuwa hakanyagi sinagogi ila kwa mazishi. Mimi sikuwa na haja ya kuolewa tena. Wakili alisema kila kitu kimekwisha, tukaagana ngazini, akaniazima mwavuli.

"Hapana," nikasema. "Hakuniwekea kitu."

Rabi akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayejumlisha.

"Mahakama iligawa nyumba. Sheria yetu haikuambiwa lolote. Sasa, kufa kwake. Nani aliona?"

Nilikuwa Marseille, yeye alifia Nice.

"Mimi," Muriel akasema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Nilikuwa naye. Nilimfumba macho."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Basi mama yako alikuwa mke wa baba yako mpaka pale ulipoinua mkono," Rabi akasema. "Na tangu pale ni mjane. Nitawauliza walio wakubwa kuliko mimi, ndivyo inavyopasa. Lakini mimi kizuizi sikioni."

Meiha akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akakimeza. Muriel akashika mwimo wa mlango. Nilimwona akifika pale pale nilipofika mimi: yeye ndiye aliyefunga, na yeye ndiye aliyefungua. Hakuna mwingine duniani angeweza kusema alichosema.

Na mimi? Nilikuwa namfikiria Armand. Kumbe tulizeeka katika ndoa, kila mmoja mji wake, bila kuambiwa. Angekasirika sana. Kisha angecheka, kisha angeulizia mwavuli wake.

Khlifa alinisindikiza mpaka kwenye gari la Nizar, hatua mbili pembeni.

"Rabi amesema inaruhusiwa," akasema. "Hakusema kama unataka. Hilo si la Rabi kuuliza."

"La nani?"

"Langu. Lakini si leo. Leo umehojiwa vya kutosha."

Ijumaa, 20 Mei

Asubuhi nilikwenda dukani kwake peke yangu. Nizar akaniacha mlangoni, akasema atangoja, akalala.

Duka ni chumba kimoja: benchi, moto mdogo, mizani, mwanga wa mlango. Alikuwa anafua kikuku cha mtoto. Aliendelea mpaka kikapoa, kisha akauliza, jicho kwenye kazi:

"Utakaa nami, Zmorda?"

Hivyo tu. Nikamuuliza nikikaa nitakaa nikiwa nani. Nasoma mezani. Siwezi kufunika nywele kila saa. Wakati wa baridi nitataka kwenda kumwona binti yangu na kuona maduka ya vitabu. Nyama ya mbuzi siipendi.

"Soma," akasema. "Nenda, urudi. Mbuzi nitamla mimi. Sabato lakini ni Sabato. Sitaki uigize mbele yangu."

"Sijawahi kuigiza, hata mbele ya wakaguzi wa shule."

"Najua. Ndiyo maana nimeuliza."

Akasema hana cha kuniahidi ila maji ya mvua na maneno ya Meiha, na hayo ya pili hayakauki. Nikamwambia jibu atalipata leo kabla jua halijazama, kwa sababu mtu wa umri wetu haombwi kungoja wiki. Akakubali. Akapuliza moto. Nilipotoka akaniita, akanirudishia miwani niliyoisahau kwenye mizani.

Hotelini Muriel alikuwa anapanga masanduku. Lake limefungwa. Langu liko wazi kitandani, nguo zimekunjwa vizuri kuliko ninavyozikunja mimi.

"Na ukianguka tena?"

"Kule ua umejaa watu. Sitafika sakafuni."

"Hospitali?"

"Iko. Madaktari wake nusu wamesomea Lyon."

Akakunja sweta, akalikunjua, akalikunja.

"Baba yako alikuondoa hapa bila kukuuliza. Baba yangu akakuhamisha mtaa kwa mtaa kufuata kazi zake. Sasa mimi." Akaketi juu ya soksi. "Ningekuwa wa tatu."

Sikuwa nimemfundisha hesabu hiyo. Aliifanya mwenyewe.

"Na mimi nikikukosa?" akauliza.

Nikaketi kando yake juu ya soksi, nikamwambia hata mimi ningemkosa.

Saa kumi nikaja Hara, Meiha ameniita kwa chakula cha Sabato. Muriel akabaki, alisema ataamua kama atakuja. Ndege yetu ni saa tatu asubuhi, na Ijumaa jua likishazama hakuna mtu wa ua huu atakayepanda gari mpaka kesho nyota zionekane. Anayelala hapa leo kesho hasafiri. Hilo sikumkumbusha. Alishaliona kwenye simu.

Naandika kwenye meza ya chumba cha mashariki. Kweli kina jua la asubuhi: kuta zake bado zina joto la asubuhi. Meiha ametandaza kitambaa cheupe. Amemwaga maji uani, anafukuza kuku, anaimba vibaya. Khlifa ametoka kuoga, ndevu zimelowa, amesimama ng'ambo ya kisima na kitabu chake. Hajanitazama. Ni mtu mwenye subira na anataka nimwone alivyo nayo.

Huko juu ya paa mtu amepuliza pembe. Ni mara ya kwanza: maduka yafungwe. Katika mtaa wote milango ya chuma inashushwa. Tangu ujana sijaisikia, na mkono wangu uliruka na kuacha doa hapa.

Pembe ya pili wanawake wanawasha taa, na baada ya hapo hakiandikwi kitu. Marseille niliandika Jumamosi zote za maisha yangu, nilisahihisha daftari za watoto, nilifanya hesabu za umeme, na mbingu hazikuanguka. Ningeweza kuandika na leo. Meiha asingesema neno. Ila ningekuwa mgeni anayeandika.

Gari. Si la Nizar; injini ni ya gari la kukodi. Watoto wanapiga kelele kwamba Mfaransa amekuja, akimbize gari kabla ya pembe.

Ni Muriel. Ameingia uani na sanduku langu, la kwake silioni. Uso umevimba, nywele amezichana. Meiha amesimama na kiberiti, ananiangalia mimi, haangalii taa. Khlifa amefunga kitabu, kidole kimebaki ndani.

"Mama," Muriel anasema, kwa Kiarabu, kibaya, alichokitafuta njia nzima. "Niliingize ndani, au nilirudishe garini?"

Wote wamegeuka. Pembe inaanza tena. Namaliza mstari huu, kisha kalamu naiweka, kama mtu wa ua huu.